Chupa Isiyokuwa na Uyoga

Siku Loyce alipogundua kwamba amewadanganya watu wa Masoko, alikuwa amesahau tu kutia uyoga kwenye mtambo.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga pale Msasani, Tukuyu, nyuma ya duka la Mwantum. Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinafunguliwa, maduka, mipaka na midomo ya watu, na miradi nayo ilikuja na gari lake jeupe, ikakaa kidogo, ikaondoka na gari lake. Mradi wao ulikuwa wa uyoga. Waliuotesha kwenye chupa zenye mtama uliochemshwa mpaka utando mweupe ukaenea chupa nzima, kisha wakawagawia wakulima waupande kwenye majani makavu ya migomba. Kazi ya Loyce, ambaye alikuwa ametoka chuoni Morogoro juzi juzi, ilikuwa kupima chakula kilichomo ndani ya uyoga huo, hasa mafuta.

Kupima mafuta ni kazi ya kungoja. Uyoga hukaushwa, husagwa, na unga wake hutiwa kwenye kifuko cha karatasi nzito kinachokaa ndani ya bomba la kioo. Chini yake chupa ya etha inachemka taratibu. Mvuke unapanda, unapoa, unadondoka juu ya ule unga, unayaosha mafuta na kushuka nayo chupani. Mwishoni etha inafukizwa yote, na kinachobaki chini ya chupa ndiyo mafuta. Hayo huwekwa kwenye mizani.

Asubuhi ile aliwasha mtambo, akaenda kunywa chai kwa Mwantum, wakapiga soga. Aliporudi na kumaliza kufukiza etha ndipo akauona unga wa uyoga umekaa mezani kwenye kisahani, haujaguswa. Kifuko kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Akacheka peke yake. Akaichukua chupa aioshe, na mkono ukasita hewani.

Chini ya chupa kulikuwa na mafuta, meupe, yameganda.

Alikaa. Aliyachota kidogo kwa kidole, akayapaka nyuma ya mkono, akanusa. Harufu aliijua. Ilikuwa harufu ya uso wake mwenyewe.

Kopo lake la mafuta ya mgando lilikuwa pale pale pembeni ya karai. Loyce alipokuwa mdogo mafuta ya mgando yalikuwa hadithi. Madukani hayakuwamo, na mama yake alikuwa akiwapaka mafuta ya mawese wakaenda shule wanang'aa rangi ya machungwa. Sasa Mwantum alikuwa nayo rafu nzima. Kwa baridi ya Tukuyu, Loyce alijipaka kila asubuhi usoni na mikononi. Na kwa sababu vioo vya mtambo viling'ang'aniana kwenye maungio, na kimoja alikuwa ameshakipasua akikifungua kwa nguvu, na kingine kingetoka Ulaya, alianza kuyapaka maungio mafuta hayo. Vioo vikateleza vizuri. Wala hakuwaza kwamba etha inayoosha mafuta ya uyoga haichagui mafuta ya kuosha.

Mwalimu wake alikuwa amewaambia yote. Kwamba mafuta ya uyoga ni machache, na sehemu yake kubwa ni asidi ya linoleiki, ile ile iliyomo kwenye alizeti, ambayo hata kwenye baridi ya milimani haigandi. Kwamba kabla hujapima kitu, pima kwanza chupa isiyokuwa na kitu. Loyce aliyaandika hayo kwenye mtihani na akapata alama nzuri. Kisha akaja hapa, akaruka ile chupa tupu kwa kubana etha, na msimu mzima akatazama mafuta yakiganda chini ya chupa yake na kusema ni baridi ya Rungwe.

Lakini aliyemjia akilini hapo kwenye kiti hakuwa mwalimu. Alikuwa mtoto, Sekela.

*

Ilikuwa hivi. Wakati wa masika, yeye na mkuu wake, Bwana Khalidi, walikwenda Masoko kuongea na wakulima kwenye darasa la shule. Akina mama walijaa. Nje, chini ya dirisha, mvua ikinyesha, alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, mwavuli mweusi juu yake, mgongo ameugeuzia darasa.

"Mzee, karibu ndani, nafasi ipo!" Bwana Khalidi aliita. Yeye alikuwa mtu wa Tanga.

"Ndani kuna mkwe," mwavuli ulijibu.

"Mkwe yupi?"

Darasa lilicheka. Mama mmoja, Elina, mwenye sauti ya kuuzia ndizi, akasema, "Si huyo mtaalamu wako! Ni mke wa Gwakisa, na huyo nje ni baba yake Gwakisa. Mwingize mzee mlangoni uone kama mtaalamu hajatokea dirishani!"

Loyce alivuta kanga mpaka kwenye nyusi. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mke akisikia kikohozi cha mkwe njiani anapinda. Akiwa jikoni, mzee hapiti uani. Ndiyo kutila, ndiyo heshima. Nyumba nyingi, za kanisani hasa, zilikuwa zimeanza kuilegeza, lakini si ya baba mkwe wake, Mzee Meshaki. Loyce hakulalamika. Alikuwa mwenye haya tangu kuzaliwa, na desturi hiyo ilimkaa kama nguo aliyoshonewa.

Mzee Meshaki alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika miaka mingi. Wapima kahawa wote walisemwa kwamba wanaiba kwenye mizani. Yeye hakusemwa hata mara moja, na watu walikuwa wakilitaja hilo mbele ya wageni. Kisha wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao wenyewe, naye akarudi nyumbani. Hamu ya namba haikumwisha.

"Bwana mkubwa," alisema akitazama mvua, "niulizie. Huo uyoga wa chupani una mafuta?"

"Jibu," Bwana Khalidi akamwambia Loyce.

"Ishirini kwa mia," Loyce alimnong'oneza.

"Sauti, binti!"

"Ishirini kwa mia!"

"Na karanga?" uliuliza mwavuli.

"Karanga zinakaribia hamsini."

Mzee alinyamaza akipiga hesabu. "Basi uyoga mafungu mawili na nusu ni karanga fungu moja. Na uyoga unaota nyuma ya nyumba yangu! Mmesikia, akina mama? Huyo ni mkwe wa nani huyo?"

Walipiga vigelegele. Loyce aliinamisha kichwa, lakini ndani kifua kilimjaa joto. Vitabu vilisema mbili, au tatu. Alikuwa ameshajiambia kwamba wenye vitabu hawakupima uyoga huu wa mradi. Kwamba uyoga wa kuotesha hubadilisha mafuta yake kwa kadiri ya unacholishwa. Hilo ni kweli. Alilishika hilo la kweli, akafunikia lile ambalo hakutaka kuliangalia.

Sekela alikuwa mjukuu wa Mzee Meshaki, mtoto wa marehemu dada yake Gwakisa. Miaka mitatu. Maziwa yalimkataa, akiyanywa, tumbo linafunguka. Nesi alisema awekewe karanga za kusaga kwenye uji, siku zote, asikose. Karanga zilipanda kutoka Kyela na bei zake. Tangu siku ya darasani, mzee aliacha karanga. Mama mkwe alimweleza Loyce sokoni, kwa furaha: "Uji wa Sekela siku hizi ni uyoga wako, mwanangu. Baba yako anausaga mwenyewe, hataki mtu aguse." Na Loyce alitabasamu.

*

Bwana Khalidi aliitazama ile chupa kwa muda mrefu, akaiinua kwenye mwanga, akaiweka.

"Nimeshawaandikia wafadhili," alisema. "Nilifurahi kama bwana harusi."

"Nisamehe, mkuu."

"Hilo la wafadhili ni langu, mimi ndiye niliyetia saini bila kuuliza. Nitaandika upya. Lakini Masoko nani anakwenda?"

"Siwezi kusema naye. Ni baba mkwe."

"Siku ile uliweza."

"Siku ile nilisema na wewe."

Bwana Khalidi alikuwa anaondoka na gari kwenda Mbeya. Alisimama mlangoni, funguo mkononi. "Loyce, unataka nikusemee nikirudi?"

Alitaka kusema ndiyo. Alishukuru moyoni kwamba kuna desturi, kwamba kuna ukuta, kwamba hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kukaa nyuma yake. Hapo ndipo aibu ilipomshika hasa. Kosa la mafuta lilikuwa kosa, watu hukosea. Lakini hii heshima aliyokuwa akiivuta usoni haikuwa heshima tena. Alikuwa anajifichia humo, na mtoto anakunywa uji.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuiamini.

*

Kule Masoko alimkuta mama mkwe, Mama Tupokigwe, jikoni anamenya ndizi. Sekela alikuwa amekaa mlangoni. Loyce alimchukua akampakata, akashangaa mkono ulivyopanda kirahisi, mtoto alivyo mwepesi. Nywele za mtoto zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya vumbi. Hakulia wala hakucheka. Aliushika ukosi wa gauni la Loyce, akautazama.

"Amepoa siku hizi," mama alisema. "Zamani alikuwa mtundu huyu."

Loyce alisema hapo hapo, kabla hajapewa chai. Alisema vibaya, anarudia rudia, lakini alimaliza.

Mama Tupokigwe aliweka kisu chini. Loyce alitamani atukanwe.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi nilimwambia baba yako mtoto hana nguvu, turudishe karanga. Unajua alinijibu nini? Kwamba yeye amesikia kwa masikio yake, kwa kinywa cha mtaalamu, na mimi nataka kubishana na mizani. Nikienda leo nikamwambia Loyce kasema hivi, ataona nimekubana jikoni ukakubali kunifurahisha."

"Mama, tafadhali."

"Sikatai. Ila hataniamini. Namba aliisikia kwako." Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Yuko bandani na uyoga wake. Mchukue mtoto, huu ndio wakati wake wa uji."

Banda lilikuwa la mianzi, limeezekwa kwa majani ya migomba, na ukuta wake ulikuwa wa kuona mwanga bila kuona mtu. Loyce alimsukuma Sekela taratibu mlangoni, yeye akabaki nje. Alijifunika kanga, akageuza mgongo. Akasikia sauti ambayo siku zote aliikimbia, ikawa laini kuliko alivyodhani.

"Ndaga, asante, mama mkubwa. Umekuja? Keti. Fungua kinywa. Hiki cha babu. Hiki cha bibi. Hiki cha nani? Cha mke wa mjomba, Loyce mwenye akili nyingi."

Loyce aliikaza kanga kichwani.

"Uji huo hauna mafuta," alisema.

Kijiko kiligonga bakuli. Loyce alijua kwamba ameshakwenda mahali ambapo harudi, na kwamba akisimama hapo bila kuendelea itakuwa amevunja heshima bure.

Mzee alikohoa. Alipozungumza, hakuzungumza naye.

"Sekela. Mwambie mtu aliye nje, arudie."

"Ludia," alisema Sekela.

"Namba niliyoitoa siyo," Loyce aliuambia ukuta. "Uyoga una mafuta mawili kwa mia. Labda matatu. Mtoto anahitaji karanga."

"Muulize, na zile kumi na nane zilizobaki zilikuwa nini?"

"Zikuwa nini?" Sekela aliuliza.

"Mafuta ya mgando. Ya kupaka. Niliyapaka kwenye vioo vya kupimia, nikayapima pamoja na uyoga. Sikujua. Nilitakiwa kujua."

Loyce alisikia bakuli likimiminwa chini, uji ukidondoka kwa uzito, kisha mzee akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

"Nimempa kwa mkono wangu," alisema, na hapo hakuwa anamtuma mtoto tena. "Alikuwa akigeuza uso, nikamshika kidevu."

Loyce aliuma kanga.

"Sekela, mwambie aende kwa bibi yako. Mwambie Jumapili baada ya ibada nitawakusanya watu darasani. Wapo wengine niliowashauri. Akitaka kuja, aje."

*

Jumapili ile Loyce ndiye aliyekaa nje chini ya dirisha, kwenye kigoda, mgongo kwa darasa. Kulikuwa na wingu. Alisikia madawati yakiburutwa, watoto wakinyamazishwa, na Elina akiuliza kama leo kuna chai.

Mzee Meshaki hakuzunguka. "Uyoga hauna mafuta ishirini. Una mawili. Rudisheni karanga kwenye uji leo hii."

Zogo likapanda. "Mawili? Yale mengine yamekwenda wapi?"

"Kosa ni langu," mzee alisema.

Loyce aliinua kichwa.

"Ni mimi niliyeitembeza ile namba nyumba kwa nyumba. Mkwe wangu alituma neno kwamba ipimwe tena kwanza, mimi nikalikalia. Nilipenda namba kubwa. Mnilaumu mimi."

Loyce hakuwahi kutuma neno lolote. Aliganda pale kwenye kigoda. Ndani, mtu alicheka kwa uchungu.

"Kumbe! Miaka yote tunasema mpima kahawa wa Masoko hakosei mizani!"

"Alikuwa anatupunja vizuri tu, hatukujua," mwingine alidakia.

"Kahawa zangu zile za mwaka wa mvua kubwa, mzee, nazo ulizikalia?"

Mzee hakujibu. Loyce hakuweza kumwona, lakini alielewa kimya hicho. Mtu huyu alikuwa na kitu kimoja ambacho wanunuzi binafsi hawakumpokonya, na alikuwa amekitoa mbele ya watu kumfunika mkwe, kama vile desturi inavyomtaka amwepushe na macho yake. Ingetosha yeye Loyce kunyamaza. Kunyamaza kungeitwa adabu.

Alisimama. Hakugeuka.

"Dada Elina!" aliita, kwa sababu jina hilo, si la baba mkwe, alikuwa na ruhusa ya kulitamka. "Waambie hakupima yeye! Nilipima mimi. Nilipaka vioo mafuta ya mgando, nikayahesabu kuwa ya uyoga. Wala sikutuma neno. Hakuna neno nililotuma. Kahawa zenu zilipimwa sawasawa."

Tone la kwanza la mvua liligonga bati.

"Mafuta ya mgando?" Elina alifika dirishani. "Haya ya kopo? Ina maana tumewalisha watoto mafuta ya kupaka?"

"Hapana, dada. Mliwalisha uyoga mtupu. Mafuta yalikuwa kwenye namba yangu tu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akakomea katikati. Elina aliegemea kizingiti, na alipozungumza, sauti yake ya sokoni haikuwepo.

"Wangu amekonda, Loyce. Nilidhani ni minyoo."

Mvua ilianza kushuka sawasawa, ikamlowesha Loyce kanga, ikamwingia shingoni. Ndani walianza kuulizana nani ana karanga, nani anakwenda Kyela wiki hii, nani atamkopesha mwenzake kisahani. Hakuna aliyemwita aingie. Asingeweza kuingia, mzee yumo. Hakuna aliyemwambia aende.

Kisha akasikia hatua ndogo kwenye matope. Sekela alikuwa amezunguka ukuta, shavu moja limevimba kwa karanga, anaburuta mwavuli mweusi unaomzidi urefu.

"Babu anasema utaloa."

Loyce aliupokea. Mpini ulikuwa bado na joto la mkono wa mzee. Angeweza kuvumilia kugombezwa. Angeweza kuvumilia hata kurudishwa kwao Mpuguso. Hili alisimama nalo mikononi, mvua inampiga, asijue pa kuliweka.

"Ufungue basi, mtaalamu!" Elina alisema dirishani. "Au na mwavuli nao mpaka upimwe kwanza?"

Walicheka huko ndani, na kicheko hakikuwa kitamu. Loyce aliufungua. Akainama, akamfunika nao Sekela, yeye mwenyewe akabaki nje yake.